Milaya: fua kwanza, fuma baadaye

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya milaya.

Wewe uliyetoka Sudani Kusini unaijua tangu utotoni: shuka iliyotariziwa maua na ndege kwa mkono, na pembeni ina pindo la kufuma lenye matundu. Mwaka 2016, vita vilipowafukuza watu, wako waliovuka mpaka na vitu vyao vimefungwa ndani ya milaya. Leo, baada ya mgao wa chakula kupunguzwa, shuka hiyo inaweza kununua sabuni na daftari la mtoto. Na kama wewe ni wa Lobule, Koboko, na unafuma vitambaa vya meza, haya yanakuhusu pia.

Sikiliza shida yenyewe. Umefuma majuma mawili, umeuza. Mnunuzi anafua mara moja tu, pindo linajikunjakunja, na rangi nyekundu imeingia kwenye weupe. Huyo harudi tena.

Kwa nini? Kitambaa kipya cha pamba hupungua kikifuliwa mara ya kwanza, lakini pindo halipungui sawa nacho. Linabaki refu kuliko shuka, basi linajikunja.

Kwa hiyo, fanya hivi.

Kwanza, loweka shuka kwenye maji ya moto, ifue, ianike, ndipo uanze kazi.

Pili, pima uzi. Lowesha kipande, kikandamize ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, usikitumie kwenye shuka nyeupe.

Tatu, hesabu. Fuma vitanzi vitano, shika ukingo wa shuka, vitano tena, shika. Nafasi ziwe sawa, kama upana wa kidole. Safu ya pili ishike katikati ya kila upinde wa safu ya kwanza. Kwenye pembe ongeza upinde mmoja, la sivyo pembe itavutwa na kukunjamana.

Nne, kazi ikiisha, ifue, kisha tia wanga wa muhogo. Koroga vijiko viwili kwenye kikombe cha maji baridi, mimina maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uwe laini, halafu ongeza maji uwe mwepesi. Chovya pindo, likamue, litandaze juu ya mkeka safi, na ufungue kila tundu kwa vidole. Likikauka litasimama vizuri machoni pa mnunuzi.

Lakini kama utaiweka milaya sandukuni kwa miezi mingi, ondoa wanga kwa maji kwanza. Mende na panya wanaupenda.

Siku moja ya kufua na kuanika inalinda majuma mawili ya mikono yako. Mwambie na jirani yako ambaye hana redio.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)