Ubao Mmoja, Rangi Mbili

Niliwahi kumpunguzia mwanafunzi alama kwa kuandika kwamba meza ya mvule iliyopakwa vanishi ina michirizi ya dhahabu. Nilipoketi mimi, niliona rangi ya hudhurungi tupu. Siku ya pili niliketi alipoketi yeye, dirisha likiwa mbele yangu: dhahabu ikajitokeza! Nyuzi za mvule huelekea huku na huku, tabaka kwa tabaka. Vanishi huiwezesha nuru kupenya hadi kwenye nyuzi hizo, nazo huirudisha kila moja upande wake. Ukisogea, mchirizi uliong'aa hufifia, na wa jirani ukawaka. Nilimrudishia alama zake. Walimu wenzangu, kabla ya kuchora mstari mwekundu, tujiulize kwanza: mwandishi alitazama akiwa wapi?