Usiku Mmoja Bomani Mikindani

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia katika shule hii, wengi wenu mmelala bwenini, hotelini au hemani. Lakini ni wachache waliolala ndani ya boma la Wadachi, tena kwa hiari yao. Mimi nililala humo pamoja na wazazi wangu, mdogo wangu na bibi mzaa mama, wakati wa likizo tulipokwenda Mikindani, kwao bibi, kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania. Nataka kuwaelezeni habari za jengo hilo, na jinsi lilivyotaka kututia ugomvi.

Mikindani ni mji wa kale kando ya ghuba tulivu, yapata kilomita 10 kutoka Mtwara. Majahazi yalitia nanga hapo kwa biashara ya pembe za ndovu na, kwa masikitiko, ya watumwa. Mwaka 1866 Dk. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Mwaka 1888 watu wa mwambao waliinuka juu ya kampuni ya Kijerumani, na Mei 1890 Wadachi wakarudi kwa nguvu wakauteka mji. Mwaka 1895 wakajenga boma lao juu ya kilima, mahali ambapo mtu akisimama huona ghuba yote na mapaa yote ya nyumba.

Neno boma asili yake ni ua wa miti au miiba wa kuzuia adui na wanyama. Wadachi walipojenga ngome zao, watu wakaziita jina hilo hilo. Na kwa kuwa mkuu, askari, hukumu na kifungo vyote vilikuwa humo, kwenda bomani ikawa maana yake ni kwenda serikalini.

Kuta zake ni nene sana, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa ya pwani hutengenezwa hivi: magogo hupangwa duara, mawe ya matumbawe hurundikwa juu yake, kisha huchomwa mpaka yawe meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji huvunjika yakawa unga, nao huchanganywa na mchanga. Ukuta wa namna hii hauruhusu joto kupenya upesi, ndiyo sababu mchana wa jua kali ndani huwa baridi kama mtungini. Katikati pana uwanja, na pembeni pana mnara.

Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza, boma likawa lao. Baadaye wakajenga bandari ya Mtwara kwa ajili ya mpango wa karanga, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, na shughuli zikahamia huko. Mikindani ikapoa, na boma likachakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Kiingereza, Trade Aid, lililitengeneza likawa hoteli.

Basi, baba alikwisha kulipia vyumba viwili, tukaona bibi amesimama langoni, hataki kuingia.

"Mama, haya ni mawe tu," baba akamwambia kwa adabu.

"Kwako wewe ni mawe," bibi akajibu.

Akaketi chini ya mti mpaka magharibi. Mama alinyamaza. Mimi nilikwenda nikaketi naye, ndipo akanisimulia. Mwaka 1898 Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Babu yake hakuwa nazo. Akaletwa hapa amefungwa kamba, akapigwa viboko. Idadi iliyowekwa kwa mara moja ilikuwa haizidi 25, ndiyo maana watu waliviita hamsa ishirini. Tangu siku ile, hakuna mtu wa nyumba yao aliyepanda kilima hiki pasipo kuitwa.

Nikamwuliza, "Bibi, na waliolijenga ni nani?"

Akafikiri kidogo. "Ni watu wa hapa hapa. Wadachi hawakubeba mawe."

Hakusema zaidi. Lakini baada ya sala ya isha aliinuka, akashika mkono wangu, tukaingia. Kitanda alikikataa, akatandika mkeka barazani, upande unaoelekea bahari. Usiku niliamka mara mbili, nikamwona yu macho. Alfajiri nilimkuta amesimama uwanjani, kiganja chake kimegusa ukuta, anasoma fatiha kwa sauti ndogo. Baba alikuja akasimama nyuma yake, akaitikia amina. Neno la mawe tu hakulirudia tena.

Ndugu wasomaji, wapo wasemao kwamba majengo kama haya yabomolewe kwa sababu ya maovu yake, na wapo watakao yapakwe rangi nyeupe yapendeze machoni pa wageni. Mimi naona boma likibomolewa shahidi amekufa. Na likipakwa rangi bila kusimuliwa, shahidi amezibwa mdomo. Kama karibu na kwenu liko jengo la namna hii, msitosheke na kulitazama. Nendeni na mzee, mkae naye, mmwulize, mngojee mpaka aseme.