Unene na Wembamba wa Herufi za Mabango katika Kiswahili

Jina Kanoni, la mahali palipo wilayani Karagwe, mkoani Kagera, likiandikwa ubaoni kwa herufi ndogo, lina mistari minene sita iliyosimama, bila kuhesabu a na o. Mistari hiyo ndiyo ionekanayo kwanza kwa mbali. Lakini kinachotambulisha n ni upinde mdogo ulio juu yake.

Wapiga chapa hugawanya herufi za Kilatini katika jamaa mbili: zenye serifi, yaani vikia vidogo mwishoni mwa mistari, na zisizo navyo. Jamaa ya pili ilitokea katika chapa mjini London mwaka 1816, katika vielelezo vya William Caslon wa Nne, na kwa kawaida mistari yake hukaribiana kwa unene. Iko namna iliyoacha desturi hiyo: haina vikia, lakini mistari yake iliyosimama ni minene, na ile iunganishayo ni myembamba kama uzi. Peignot, iliyochorwa na A. M. Cassandre na kutolewa Paris mwaka 1937, ni mfano wake. Optima ya Hermann Zapf, ya mwaka 1958, ni ya upole zaidi. Fikra yake Zapf aliipata mwaka 1950 katika maandishi ya mawe ya makaburi, kanisani Santa Croce, Florence.

Tofauti ya unene si ngeni kwa Kiswahili. Kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari, ambayo kwayo zimeandikwa tenzi nyingi za pwani kwa hati ya Kiarabu, huileta yenyewe kwa kufuata mkono.

Herufi za namna hii zimekusudiwa maneno machache yaliyo makubwa: jalada la kitabu, kichwa cha habari, tangazo. Zikipunguzwa, nyuzi zake hupotea. Hapo ndipo Kiswahili huumia, kwa kuwa n na u hutofautiana kwa mahali pa upinde tu, nazo hutokea kila mara. Upinde ukifutika kwa vumbi au jua, nani husomeka uani, na kuna husomeka kuua; si jambo dogo kwa ubao wa zahanati usemao kuna dawa. Neno mwanamume lina mistari kumi na mitatu ya namna hiyo.

Dawa iliyo rahisi ni herufi kubwa, kwani N na U hazifanani kamwe. Cassandre mwenyewe aliingiza maumbo ya herufi kubwa miongoni mwa ndogo zake, ingawa hakuwa akiifikiria lugha hii.

Herufi kubwa, hata hivyo, haziponyi ng'. Alama yake ya juu mara nyingi huchorwa nyembamba mno, kana kwamba ni pambo, na mafundi wengi huiacha. Lakini ni sehemu ya herufi: ng'oa ni kung'oa mche, ngoa ni wivu.