Povu la Sabuni na Chakula cha Ndagala



Sisi wa Gatumba tunaokaa karibu na mahali Mto Rusizi unapoingia Ziwa Tanganyika tunajua kwamba ndagala ni mboga ya mfanyakazi. Lakini ni wangapi tumewahi kujiuliza, ndagala mwenyewe anakula nini?

Ndagala hula wadudu wadogo sana wa majini. Wadudu hao hula mwani mdogo, yaani mimea isiyoonekana kwa macho, inayoelea majini na kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua, kama vile mahindi yafanyavyo shambani. Mukeke naye humla ndagala. Basi mwani ukifa, njaa hupanda ngazi moja moja mpaka ifike kwenye sahani zetu.

Sabuni inaingiaje hapa? Sabuni ya unga na dawa za kuoshea mashine zina kemikali ya kuondoa mafuta. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hushika uchafu wa mafuta, kichwa huuvuta uende na maji. Ndiyo sababu nguo hutakata. Lakini mwani nao umefunikwa na utando mwembamba wenye mafuta. Kemikali haichagui. Ikiwa nyingi, hutoboa utando huo, yaliyomo ndani yakavuja, na mwani ukashindwa kutumia jua. Mara nyingi zilizo kali zaidi ni zile za kulainisha nguo na za kuulia vijidudu.

Ndugu zetu wa mashambani wasidhani hayawahusu. Dawa nyingi za kuua magugu huchanganywa na kemikali za namna hii ili zishike kwenye majani. Mtu akisuuza bomba la kupulizia dawa mferejini, maji yale huteremka mpaka ziwani.

Mambo haya yameonekana kwingine. Mwaka 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilivunjika karibu na pwani ya Uingereza. Ili kuyaondoa mafuta, watu walimwaga kiasi cha tani 10,000 za dawa za kusafishia. Dawa hizo ziliua viumbe wengi wa majabali kuliko mafuta yenyewe. Konokono waliokuwa wakila mwani walikufa, na baadaye mwani wa kijani ukaota ovyo juu ya majabali. Ukivunja ngazi moja, zote huyumba.

Kweli, sabuni za leo huozeshwa na vijidudu upesi kuliko zile za miaka ya 1950, zilizojaza povu mito ya Ulaya. Lakini vijidudu hivyo vinahitaji hewa, na ziwa letu lenye kina cha mita 1,470 halina hewa huko chini. Tena maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia hukaa sana.

Tusidanganyane: sabuni siyo adui pekee. Mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba joto linaloongezeka huenda limepunguza ukuaji wa mwani wa ziwa hili kwa kadiri ya asilimia 20. Mwenye mzigo mzito haongezewi jiwe.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kibarua katika kiwanda kimoja, msimamizi alituamuru kumwaga usiku maji ya kuoshea mapipa. Tulimwaga kwa mikono mitupu, ngozi ikachubuka. Asubuhi mfereji ulikuwa mweupe kwa povu. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kufukuzwa. Kinachotoboa mwani hakiuonei huruma mkono wa mfanyakazi.

Nchi nne za ziwa hili zilitia sahihi mkataba wa kulilinda mwaka 2003. Lakini mkataba haufungi bomba la kiwanda. Anayelifunga ni mtu. Kwa hiyo, katika mazungumzo na waajiri, tudai haya:

1. Kila pipa la kemikali liandikwe kwa lugha tunayoisoma.
2. Glavu na buti zitolewe bila kukatwa mshahara.
3. Maji machafu yasafishwe kabla ya kutolewa nje.
4. Asifukuzwe mfanyakazi aliyekataa kumwaga sumu mtoni.

Majumbani nako tupime sabuni, na maji ya kufulia tuyamwage mbali na mto.

Mmoja akikataa peke yake, atafukuzwa. Tukikataa wote, kiwanda kitajenga shimo la kusafishia maji. Leteni habari za mifereji yenu mkutanoni.