Je, Wajua? Gati Lililoishinda Chumvi

Gati la Progreso, Meksiko, limesimama kwenye maji ya chumvi tangu mwaka 1941. Nondo zake ni za chuma kisichoshika kutu. Gati jirani lilijengwa baadaye kwa nondo za kawaida. Leo yamebaki magofu tu.

Nondo za kawaida hushika kutu, na kutu huvimba. Hujaza nafasi zaidi ya maradufu ya chuma ilichokila, na zege hupasuka kutoka ndani.

Kinga ya chuma kisichoshika kutu ni kromiamu iliyomo ndani yake, angalau asilimia 10.5. Huunda utando mwembamba mno kuonekana kwa macho. Ukikwaruzwa, ajabu, hujiziba wenyewe.

Kutengeneza kilo moja ya chuma hiki hutoa hewa ukaa nyingi kuliko kilo ya chuma cha kawaida. Lakini gati lisilojengwa upya halihitaji saruji mpya! Na chakavu cha chuma hiki huyeyushwa tena na tena.