Pampu ya Lori Haifi kwa Uzee

Sisi watu wa mwambao tunajuana na Wakamba tangu zama za misafara. Katika karne ya 19 walikuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, na jina la Kivoi, yule tajiri wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851 akiwa safarini pamoja na Krapf, lilikuwa maarufu huku pwani. Wakamba wenyewe husimulia kwamba milima ya Mbooni ndiyo makao yao ya kale kabla ya kutawanyika kwenda Kitui na kwingineko. Siku hizi kishukacho kutoka huko ni maembe, na aichukuaye mizigo si hamali bali ni lori la dizeli. Na ni maembe hayo yaliyonifikisha kwenye habari ya leo, habari ya chombo ambacho mtunga mashairi kama mimi hakutarajiwa kukijua, nacho ni pampu inayosukuma dizeli kuitia ndani ya injini.

Nilikuwa nimepanda lori dogo la Kijapani kutoka Kikima, juu kabisa mlimani, kuelekea Wote. Tulipofika Tawa dereva akasimama kuongeza makreti, akazima injini. Makreti yakapakiwa, kamba zikafungwa, ufunguo ukazungushwa. Injini ikalia lakini haikushika. Mara ya pili, mara ya tatu, vivyo hivyo, na betri inazidi kuchoka, na jua la Januari liko utosini. Asubuhi ile ile, katika ukungu na baridi ya Kikima, lori hilo hilo lilikuwa limewaka bila taabu yoyote.

Hapo utingo akafanya jambo ambalo sijapata kuliona. Alichukua kitambaa, akakirovya maji, akakilaza juu ya pampu kama mtu amwekeaye mgonjwa wa homa kitambaa kipajini. Tukangoja. Baada ya muda dereva akajaribu tena, na injini ikawaka.

"Uganga gani huu, mwanangu?" nikamwuliza.

"Si uganga, Mzee," akanijibu dereva bila kucheka. "Ndiyo dalili kwamba pampu imekwisha."

Maneno yale yalinikaa. Siku mbili baadaye, maembe yakiwa yamehamishiwa lori jingine, nilifuatana naye hadi kwa fundi wa pampu mjini Machakos. Yule fundi ni mtu mzima mwenye mikono misafi kama ya daktari, na karakana yake haina vumbi hata chembe. Niliyoyajua nimeyajua kwake, na mengine nikayapekua baadaye vitabuni.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto mkali, kisha dizeli hupulizwa humo kwa nguvu nyingi na kuwaka yenyewe. Rudolf Diesel alipofaulu kuiendesha injini yake mwaka 1897, alikuwa akiyapuliza mafuta kwa hewa iliyobanwa, jambo lililohitaji mtambo mkubwa wa kando. Kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kutengeneza pampu za kusukuma dizeli kwa wingi, mwaka 1927, na hapo ndipo injini hii ilipopata wepesi wa kuingia ndani ya malori.

Ndani ya pampu mna kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya kijumba chake. Nafasi iliyopo kati yao ni kama elfu mbili au tatu za milimita. Unywele wa kichwa chako, msomaji, ni mnene kuliko nafasi hiyo mara ishirini na zaidi. Hakuna mpira wala gasketi ya kuzuia dizeli isivuje hapo. Kinachoizuia ni ule mkazo wenyewe wa chuma kwa chuma. Chuma kikilika kidogo tu, dizeli hurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Na kwa kuwa dizeli ikipata moto huwa nyepesi zaidi, pampu iliyolika huweza kuwasha injini asubuhi ya baridi na kushindwa adhuhuri. Kitambaa cha utingo kiliipoza pampu, dizeli ikawa nzito kidogo, uvujaji ukapungua. Fundi hakuisifu tiba hiyo. Kuimwagia maji baridi pampu iliyo moto, alisema, huweza kuifanya ishikane na kukwama moja kwa moja.

Basi huishi muda gani? Swali hili nililiuliza mara tatu, na kila mara fundi alinirudishia swali, "Inanyweshwa nini?" Pampu ya mstari, ile ya malori makubwa yenye kijiti kimoja kwa kila silinda, ikitunzwa huenda kilomita laki kadhaa, na aghalabu huishi sawa na injini yenyewe, kwani sehemu yake ya chini hulainishwa kwa oili ya injini. Pampu ya kuzunguka, kama ya lori letu, kijiti chake ni kimoja kwa silinda zote nne. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kijiti hicho hupiga mara 4,000 katika dakika hiyo hiyo, na hakina oili yoyote ila dizeli inayopita. Dizeli ndiyo chakula chake, na ndiyo mafuta yake ya kujipaka.

Hapo ndipo mauaji yanapofanyika. Mafuta ya taa ni membamba, hayana ulaini wa kukinga chuma. Kwa miaka mingi nchini Kenya yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wachanganyaji wakatajirika, hata serikali ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa Septemba 2018 ili kuiua biashara hiyo. Pampu nyingi zililika katika miaka ile bila wenyewe kujua. Dizeli yenyewe nayo ilibadilika. Mwaka 2015 salfa yake ilishushwa hadi sehemu 50 katika milioni, jambo jema kwa mapafu yetu, walakini usafishaji huo huondoa pia baadhi ya vitu vinavyoipa dizeli ulaini, hivyo hulazimu itiwe dawa ya kuurudisha.

Adui mwingine ni maji. Milima ya Mbooni ina usiku wa baridi, na lori likilala na tangi tupu, hewa iliyomo tangini hutoa jasho, na jasho hushuka chini ya dizeli. Maji yakifika penye chuma kile kilichong'arishwa, kutu huanza. Wa tatu ni mchanga. Na hapa fundi alipandisha sauti kidogo, kwa sababu mchanga mwingi, alisema, hutiwa na makanika wenyewe. Hufunga chujio jipya, lakini kwanza hulijaza dizeli ya kwenye mtungi, wakaimimina upande ambao umekwisha kuchujwa. Uchafu huo hauna tena wa kuuzuia.

Kisha akaniambia jambo la insafu. Si kila pampu iletwayo kwake ni mgonjwa. Chujio likiziba, au mpira ukinyonya hewa, lori hukosa nguvu na pampu husingiziwa. Wengine hukata lakiri na kukaza skrubu ili dizeli izidi, moshi mweusi ukatanda, nao wakadhani wameleta nguvu.

Aliifunga pampu yetu kwenye mashine ya kupimia, akaizungusha. Dizeli ikaanza kudondoka katika vigae vinne vya kioo, kimoja kwa kila silinda, navyo vyote vinne vilitakiwa vijae sawasawa. Mimi niliyelelewa kuhesabu mizani za shairi nilielewa bila kufunzwa. Kwa mwendo wa kasi vilikaribiana. Aliposhusha mwendo kuwa ule wa kuwashia, na pampu ikishapata moto, vigae vyote vikabaki karibu vitupu. Fundi akazima mashine, akafungua, akanionyesha kijiti. Mahali palipopaswa kung'aa kama kioo palikuwa na mikwaruzo na doa la kutu.

"Dizeli unanunua wapi?" akamwuliza dereva.

"Stesheni. Na mara nyingine mtungi wa barabarani, nikipungukiwa."

"Jioni tangi linabaki na nini?"

Dereva hakujibu. Mwanzo wa safari yetu nilimwona akiweka dizeli ya kufika Wote tu, si zaidi.

Bei ya kichwa kipya cha pampu ilipita faida ya safari kadhaa za maembe, na msimu ulikuwa umebaki wiki chache. Alilipa nusu, akaahidi nyingine. Mwezi wa Machi nilimpigia simu kumjulia hali. Lori linawaka mchana na usiku, akasema, na kitambaa cha utingo sasa kinafutia vioo. Nikamwuliza kama siku hizi hulaza lori tangi likiwa limejaa.

"Nusu, Mzee," akasema. "Ile nusu nyingine imekwenda shule na watoto."