Saratani Inayorudi Nyumba Ileile: Funzo la Guangzhou

Posa inapoletwa, wazee wa upande wa binti hawajibu papo hapo. Kwanza huulizia ukoo. Je, kule kuna kifafa? Kuna wazimu, ukoma, watu wanaokufa vijana? Wazee hao hawakuwa na takwimu, lakini walikuwa wameona jambo ambalo sayansi imelithibitisha: maradhi hayatawanyiki ovyo. Yapo yanayorudi nyumba ileile, kizazi baada ya kizazi. Walipopungukiwa ni katika sababu. Wakasema ni damu mbaya, au ni laana, na maswali yakaishia hapo.

Mji uliolazimika kuyaendeleza maswali hayo ni Guangzhou, kusini mwa China. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaujua kwa nguo, simu na vipuri. Madaktari wa saratani wanaujua kwa uvimbe unaoota juu ya koo, nyuma kabisa ya matundu ya pua, ambao uliwahi kuitwa uvimbe wa Canton kwa jina la zamani la mji huo. Katika nchi nyingi saratani hii haimpati hata mtu mmoja kwa mwaka kati ya watu 100,000. Katika sehemu za jimbo la Guangdong zilizoathirika zaidi, kama Sihui na Zhongshan, huwapata wanaume 20 hadi 30 kati ya kila 100,000. Na haiwapati kwa kubahatisha. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yuko hatarini mara 4 hadi 10 kuliko jirani yake asiye na mgonjwa nyumbani.

Jambo la kwanza kushukiwa lilikuwa jeni. Mwaka 2002 watafiti wa Guangzhou walichunguza familia 20 za Guangdong zenye wagonjwa zaidi ya mmoja, na dalili zikaelekea kromosomu ya 4. Muda mfupi baadaye familia za jimbo la Hunan zikaelekeza kromosomu ya 3. Mwaka 2005 Jia Weihua na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen wakachukua nasaba za wagonjwa wengi na kujiuliza: je, ugonjwa unashuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto jinsi ungeshuka kama jeni moja tu ndiyo inayouongoza? Jibu likawa hapana. Hesabu zilikubaliana na vitu vingi vinavyosaidiana, jeni kadhaa pamoja na mazingira. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2010 uliona alama yenye nguvu kuliko zote katika eneo la HLA, yaani jeni zinazousaidia mwili kuzitambua seli zilizoingiwa na virusi. Shikilia hilo, tutalihitaji.

Upande wa mazingira unaanzia jikoni. Huko Hong Kong daktari John Ho aliona kwamba Watanka, jamii ya wavuvi waliokuwa wakiishi mashuani, waliugua karibu mara mbili ya watu wa nchi kavu. Akashuku samaki wa chumvi. Mimi Yu na wenzake wakaifuata shuku hiyo kwa kuwahoji wagonjwa na watu wazima wa afya, Hong Kong mwaka 1986 na Guangzhou mwaka 1989, na walichokikuta kinagusa kila mzazi: hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliolishwa samaki huyo utotoni, hasa wakati wa kuachishwa ziwa. Mwaka 1993 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwaweka samaki wa chumvi wa Kichina katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Anayekula ng'onda Unguja au Lamu asitaharuki. Hukumu ile ilihusu samaki wa Kichina, ambao mara nyingi huachwa walainike na kuanza kuvunda kabla ya kukauka, na samaki wengine wa chumvi hawakuingizwa humo. Kisha tazama Hong Kong: kati ya mwaka 1980 na 1999 kiwango cha saratani hii kilishuka kwa takriban asilimia 30. Jeni za mji mzima hazibadiliki kwa miaka 20. Kilichobadilika ni maisha.

Bado kuna mshiriki wa tatu, na safari ya kumgundua ilianzia kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa ndani ya seli zake wameona virusi vipya. Miaka miwili baadaye watafiti wa New York, pamoja na mwenzao Peter Clifford, bingwa wa pua na koo jijini Nairobi, wakakuta kwamba damu ya wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua ina kingamwili zinazozitambua seli za uvimbe wa Burkitt. Mtoto wa Uganda na mtu mzima wa Canton walikuwa na adui mmoja.

Ajabu ni kwamba virusi vya Epstein-Barr anavyo karibu kila mtu, zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani. Huenea kwa mate, na katika nchi zetu mtoto huvipata mapema, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumbani mwake. Sasa, ikiwa wote tunavyo, mbona maradhi yanachagua familia?

Ugonjwa mwingine unaohusishwa na virusi hivi, maltipo sklerosisi, ambao ni nadra Guangzhou na nadra pwani yetu lakini umeenea Ulaya na Amerika ya Kaskazini, unasaidia kujibu. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili huushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 1995 watafiti wa Canada waliwatazama watu waliolelewa na familia zenye wagonjwa bila kuzaliwa humo. Hatari yao haikuzidi ya wananchi wengine, kwa hiyo nyumba peke yake haitoshi. Lakini damu peke yake nayo haitoshi: pacha wa kufanana akiugua, mwenzake huugua takriban mara moja tu kati ya nne. Mwaka 2022 uchunguzi wa askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kuwa anayeambukizwa virusi vya Epstein-Barr hatari yake ya kupata ugonjwa huu huongezeka mara 32. Na jeni zinazochangia kuliko nyingine zote? Zimo katika eneo lile lile la HLA.

Hata virusi vyenyewe vina nasaba. Mwaka 2019 timu iliyohusisha watafiti wa Guangzhou ilisoma DNA ya virusi hivyo na kutambua aina zilizoenea kusini mwa China, ambazo kwa hesabu yao zinachangia asilimia 83 ya hatari ya saratani hii katika eneo hilo. Ndiyo maana naona neno "kurithi" tumelibana mno. Mtoto wa Guangdong alipewa na wazazi wake jeni, akapewa samaki kinywani, na akapewa virusi kwa mate ya waliompenda. Hakuna aliyemlaani.

Na kwa kuwa virusi huacha alama katika damu, ukoo wenye historia unaweza kulindwa. Huko Hong Kong, wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili walipimwa DNA ya virusi hivyo kwenye damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Walipatikana wagonjwa 34, na asilimia 71 kati yao walikuwa katika hatua mbili za mwanzo, ambapo tiba ya mionzi hufaulu vizuri. Bila upimaji, waliokuwa wakifika hospitali mapema kiasi hicho walikuwa kama asilimia 20 tu.

Afrika Mashariki hatuna upimaji wa namna hiyo, na saratani hii ipo. Clifford aliiona kwa wagonjwa wake Kenya tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo uvimbe shingoni usioondoka kwa wiki tatu, damu inayotoka tundu moja la pua mara kwa mara, au sikio moja lililoziba bila sababu, usimalizie duka la dawa. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na umtajie bila aibu kila ndugu aliyewahi kuugua saratani, hata kama hukuulizwa.